Mheshimiwa wa Raba

Kule Columbia Heights, ughaibuni, nilifungua mlango nikamkuta mama Mzungu amevaa raba, yuko peke yake, akasema anagombea kiti katika bunge la jimbo. Nikachungulia nyuma yake: hakuna msafara, hakuna hata tisheti za bure. Mheshimiwa gani huyu wa kutembea kwa miguu?

Lakini mgeni ni mgeni. Nikamvuta ndani, na wenzangu wa maombi, waliokuwa wamekusanyika kwangu, wakampigia vigelegele mpaka akaiva uso kama nyanya. Akala chapati tatu. Kila mtu akasimama kumweleza shida zake, naye akaandika zote, hata ile ya kituo chetu cha basi kisicho na paa. Saa mbili zikayeyuka.

Akiaga, akatuomba kura. Tukatazamana. Watu kumi na mmoja, raia hata mmoja hakuna! Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ukuta.

Alishinda bila sisi, na kituo kikapata paa.

Uchaguzi uliofuata alirudi, kontena tupu la plastiki la kufungia chapati mkononi. Kabla hajavua raba, nilikuwa nimeshampeperushia cheti changu cha uraia usoni, nikipiga vigelegele peke yangu.