Boti Iliyolala Majini

Siku Habineza alipomwona Maman Nsimire kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa ndani ya maji hadi magotini, gatini Cyangugu, akiwagombeza wapagazi wa mumewe.

"Na wewe mrefu, unatafuta kazi au umekuja kuhesabu samaki?"

Habineza aliinamisha macho. Wapagazi wakaangua kicheko. Mume akampa usukani, na tangu hapo akawa nahodha wa boti yao.

Miaka ikapita, mume akafariki. Mjane akakataza boti isiguswe mpaka matanga yaondolewe. Matanga yakaondolewa, lakini boti ikabaki imefungwa palepale. Mbao zikanywa maji, tumbo lake likaota majani na utelezi.

Ndipo akaja Bahizire, muuza saruji ya Muganza, akitaka kuikodi mwaka mzima. Nsimire akaahidi mwendo ule ule wa enzi za marehemu: ikiwa na mzigo, itoke alfajiri, ifike Kibuye kabla ya adhuhuri, kwa pipa moja la mazutu ya injini. Saa za upepo mkali zisihesabiwe. Bila mkataba huo asingekuwa na budi kuiuza.

Siku ya majaribio walipanda wote watatu. Bahizire alichovya fimbo katika pipa, akaweka alama. Injini ilinguruma kweli, lakini boti ilijikokota kama ng'ombe mgonjwa. Adhuhuri iliwakuta mbali na Kibuye, na fimbo ilipochovywa tena ilitoka karibu kavu.

Bahizire, aliyekuwa akimheshimu sana marehemu, akamgeukia Habineza.

"Sema wewe, muntu wa ziwa. Ni upepo ulitushika?"

Ziwa lilikuwa limetulia tuli.

"Ndiyo, patron, upepo wa..."

"Upepo gani, Habineza?" Nsimire alimkatiza. "Usilisingizie ziwa. Papa Bahizire, boti imeshindwa. Ukiikodi kwa huruma, batu batakucheka."

Boti ikanunuliwa na mtu wa Gisenyi. Nsimire akafungasha kwenda kwa dada yake Bukavu, naye Habineza akambebea godoro hadi darajani Rusizi. Njia nzima alikuwa na maneno tele kifuani, lakini alizungumzia bei ya samaki tu. Mpakani mama akalipokea godoro, akajitwisha.

"Mwambie mwenyewe mpya aipandishe nchi kavu kwanza," alisema. "Ikikauka itakimbia kama zamani. Ni mimi tu nilishindwa kuiona imelazwa pale juu, kama alivyolazwa mume wangu."