Ngazi Niliyoipima Nikiwa na Suruali

Kosa ni langu, sitamsingizia fundi. Alijenga nilivyomwamuru. Ila msitarajie niinamishe kichwa, maana hapa mtaani Kabondo wameshanicheka vya kutosha.

Nilijenga nyumba ya ghorofa, duka la chumvi na sabuni chini, sisi kulala juu. Sikutaka ngazi initafunie nafasi ya duka. Nikainua mguu wangu, nikamwambia fundi kila kipandio kifike hapa, chini kidogo ya goti. Ngazi ikasimama karibu wima, nami nikajiona mjanja.

Afisa wa ujenzi akaja kukagua. "Citoyen, hii eskalye iko mubaya. Kipandio kisipite shibiri moja, na muguu muzima ulale pale juu. Iko sheria."

Nikadhani anatafuta matabishi, kitu kidogo cha kumfumba macho. Nikamnunulia bia. Akainywa yote, akapangusa mdomo, akasema tena, "Iko mubaya." Nikamfukuza.

Nilichosahau ni kwamba nilipima nikiwa na suruali. Wanawake wetu serikali imewakataza suruali, wanafunga liputa, kitenge kinachobana kutoka kiunoni hadi miguuni. Mke wangu kila akipanda ilibidi aiinue hadi mapajani. Alilalamika, nikamwambia atazoea.

Kisha mama yake akaja kututembelea kutoka Isangi, beseni la samaki kichwani. Nikamkaribisha juu, nikasimama nyuma yake, mjinga mimi. Mama mkwe atainuaje liputa mbele ya mkwewe?

"Bokilo, toka kwanza pale," alisema kwa upole, akiniita mkwe kwa lugha yao.

"Panda tu, mama, niko hapa."

Akapanda, liputa imembana. Kipandio cha tatu kikamshinda. Nilinyoosha mikono nimdake, kisha nikairudisha, maana kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Akaanguka mbele yangu, nyonga ikavunjika.

Mikono hii naichukia mpaka leo.

Mke wangu akamrudisha Isangi, akabaki huko kumuuguza. Aliniachia neno moja: "Nitarudi siku mama atapanda ile eskalye."

Ndugu zangu wakasema nioe mwingine. Nikawaambia waoe wao. Nikavunja ngazi, nikajenga nyingine iliyolala vizuri, ikameza nusu ya duka. Kila kipandio nilikipima nikiwa nimefunga liputa aliyoiacha mke wangu, beseni kichwani, mchana kweupe, wateja wakitazama.

"Papa amekuwa mama!" wakapiga kelele. Nikashuka, nikapanda tena polepole, ili waone vizuri.

Halafu nikakata kijiti chenye urefu wa kipandio, nikampa mwenye pirogi, mtumbwi unaoshuka mto hadi Isangi, ampelekee mama mkwe, ajaribu kama mguu wake utafika.

Juzi kijiti kimerudi. Kimekatwa kwa kisu, sasa ni kifupi zaidi. Wateja wanasema huyo mama ananitesa. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, kwa sababu angekuwa hataki kuja asingejisumbua kukata kijiti.

Basi wewe unayejenga, usipime kwa mguu wako. Funga liputa ya mkeo, beba beseni, panda. Watakucheka, waache. Mimi kesho navunja tena, na anayetaka kucheka aje mapema.