Koki ya Pili

Vilikesa na Bisun walianza kazi kwenye mtambo wa maji, juu ya mashamba ya miwa ya kisiwa cha Vanua Levu, Fiji, ndevu zao hazijaota. Vilikesa Mfiji, Bisun Mhindi wa hapo hapo, na kutwa walikuwa wakitupiana maneno. Koki za mtambo hazikuwa na namba. Wafanyakazi walizijua kwa mazoea: ile ngumu, ile inayovuja, ile ya ukutani.

Asubuhi moja, ndevu zao zikiwa zimeshaota mvi, Bisun alikuwa ndani ya chumba cha klorini, akibadilisha mtungi wa gesi. Vilikesa alikuwa nje, penye safu ya koki.

"Vili! Funga ya pili!"

"Nimeshafunga! Fanya kazi, mvivu we!"

Bisun alihesabu kuanzia ukutani. Vilikesa alihesabu kuanzia mlangoni. Bisun alipolegeza nati, gesi ikamlipukia usoni. Vilikesa alimburuta nje huku naye akikohoa hadi machozi. Walimfikisha hospitali akiwa hai, lakini jua lilipozama alikuwa amekwisha kata roho.

Wakaguzi walikuja, hawakumlaumu mtu. Waliagiza tu kila koki na kila geji ipewe namba. Vilikesa akaiomba kazi hiyo.

"Una hakika?" aliuliza Lavenia, mkuu wa mtambo. "Naweza kumpa mwingine."

"Nipe mimi, mama."

Akawa anagonga tarakimu kwa nyundo kwenye vibao vya shaba, kisha anavifunga kwa waya: mabomba ya mtoni, matangi ya dawa, machujio. Wenzake walimtania, "Mzee, birika la chai je? Nalo lisije likatuua!" Kisha wakamkumbuka Bisun, wakarudi kazini kwa aibu.

Safu ya gesi aliiacha mwisho. Alikuwa amechutama mbele yake, nyundo mkononi, Kamla alipoingia. Mjane wa Bisun hakuwahi kukanyaga pale.

"Ni ipi, kaka?"

Akamwonyesha. Kamla akaishika, ikaenea kiganjani.

"Ndogo hivi? Mimi nilidhani ni dude kubwa."

"Shemeji, niliitikia bila kumuuliza."

"Naye alitaja bila kueleza. Ndivyo mlivyokuwa, wote wawili. Hata nyumbani alikuwa akisema 'lete kile', nami nakimbia kuleta nisichokijua." Akataka kucheka, kikatoka kilio.

Hakusema amemsamehe, wala Vilikesa hakuthubutu kuomba. Lakini waya ulipomponyoka Vilikesa mara mbili, Kamla alikishika kile kibao mpaka akamaliza kufunga.

Miwa ilipokwisha kuvunwa, Kamla aliuza shamba lao akahamia mji wa Lautoka, kisiwa cha pili, kwa dada yake. Vilikesa alimbebea mizigo hadi melini. Tangu hapo, kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, ikikaribia, humtumia gunia la magimbi. Kamla hajawahi kujibu. Magunia nayo hayajawahi kurudishwa.