Pipa Lililonuka Muhogo

Sipendi watu wanaosema umaskini unafundisha akili. Akili mama yangu alikuwa nayo tangu kwao Kishapu, na ndiyo iliyotumaliza.

Tulikuwa tukiishi kambini upande wa Geita, karibu na mgodi wa wazungu. Baba alikuwa mchimbaji. Kifua kilimla taratibu mpaka akafa, akatuacha mama na mimi, binti wa kuteka maji na kuokota kuni, na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa baada ya matanga. Mama alikaukwa na maziwa. Mtoto tukamlea kwa uji mwembamba, tumbo likavimba na miguu ikabaki vijiti. Mama alikuwa na neno moja tu, asubuhi na jioni: "Huyu anataka maziwa. Nitatafuta pesa ya ng'ombe, nimpeleke nyumbani."

Pesa ya ng'ombe, mjane ataitoa wapi? Ndipo tulipoanza kuokota.

Siku ya mshahara wachimbaji walikunywa na kucheza kamari kwenye uwanja nyuma ya vilabu vya pombe. Kulipokucha mama aliingia pale na ungo, akapepeta vumbi kama anayepepeta mtama. Humo zilibaki senti, pamoja na vifuniko vya chupa na miiba ya samaki. Senti tano na senti kumi za wakati ule zilikuwa na tundu katikati. Mama alizitunga kwenye uzi akaufunga kiunoni, chini ya kaniki, mahali ambapo wenzake walivaa shanga. Akitembea zililia. Wanawake wa kambini walimtania, "Shoga, unamlizia nani, na mume kafa?" Alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa chini, njia nzima.

Mimi kazi yangu ilikuwa jalala. Chupa tulimuuzia Mhindi wa dukani, makopo tulimpelekea fundi wa koroboi. Niliona aibu, nasema wazi. Wasichana wenzangu walinikimbia kwa ajili ya harufu. Mama alinituliza kwa haba na haba hujaza kibaba, nami nikajibu moyoni kwamba kibaba chetu kimetoboka.

Lakini kilijaa. Tulipokuwa tunafunga mizigo ya kurudi Kishapu, mama akaona pipa nyuma ya mgodi, limetupwa kwenye majani. Lilikuwa la chuma, zima, na kifuniko chake. Ninyi mlioko kwenye mabomba hamwezi kujua. Kwetu kiangazi watu hufukua mchanga wa mto ili wapate maji, na mtungi ukivunjika mnalia. Mama alifungua kifuniko, akaingiza kichwa, akanusa. Akatabasamu.

"Muhogo mchungu," alisema. "Wameloweka muhogo humu."

Nikanusa na mimi. Ilikuwa harufu ile ile ya muhogo mchungu uliomenywa sasa hivi. Na muhogo mchungu nani asiyeujua? Ukiula mbichi unakufa, ukiuloweka na kuuanika unasonga ugali na wanao wanashiba. Ubaya wake una dawa, na dawa ni maji na jua. Basi mama akalifanyia pipa hivyo hivyo. Alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka maandishi ya kizungu ubavuni yakafutika. Akalijaza maji, akayamwaga, akalianika mdomo wazi. Alipolinusa tena, harufu haikuwepo. Tukalipakia kwenye lori.

Kishapu, mnadani, mama alikata uzi wa kiunoni na kufumua shilingi zilizoshonwa kwenye pindo la kaniki. Tukarudi na ng'ombe mwekundu, mpole, mwenye ndama. Jioni ile mdogo wangu alikunywa maziwa kwa mara ya kwanza, akalala bila kulia. Mama alikaa anamtazama. "Ataishi," alisema.

Kwao mama kuna desturi: ng'ombe mgeni hunywa kwanza. Asubuhi yake ya kwanza bomani, hakuna mtu anayeonja maji kabla yake. Pipa lilikuwa limejazwa jana yake, mara ya kwanza tangu tufike. Mama alichota karai, akachota jingine, ng'ombe akanywa mpaka akalamba kitako cha karai. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwangu na kikombe chake mkononi, anasubiri zamu yake.

Ng'ombe akayumba. Akapiga magoti, akahema kama aliyekimbizwa, akaanguka. Ndama alimfuata palepale chini, anatafuta chuchu.

Majirani walikuja na visu, maana nyama ni nyama. Mama akasimama juu ya mzoga na jembe mkononi, akawazuia. Halafu akaenda kwenye pipa akainama, akanusa. Harufu ilikuwa imerudi.

Miaka mingi baadaye niliambiwa na mtu aliyefanya kazi mgodini kwamba mapipa yale yalileta sumu ya kusafishia dhahabu, na kwamba sumu hiyo na ya muhogo mchungu ni ndugu. Mabonge yake yalikuwa yamejificha kwenye mkunjo wa kitako cha pipa, mahali mkono wa mama haukufika.

Watu walimwambia amshukuru Mungu, ng'ombe amekufa badala yetu. Hakushukuru. Mimi pia sijashukuru mpaka leo. Kufa badala yetu kulitusaidia nini? Ndama alikufa kwa kukosa maziwa, mtoto akarudi kwenye uji ule ule, na mvua ya mwaka ule hakuiona.

Tulipotoka kumzika, mama alitangulia njiani, mimi nyuma. Macho yake yalikuwa chini, kama siku zote. Akasimama, akainama, akaokota kitu mavumbini, akakifuta kwenye kaniki. Senti kumi. Mkono wake ukaenda kiunoni kutafuta uzi, ukapapasa, uzi haupo.

Akageuka, akanionyesha.

"Mwanangu," alisema, "sasa hii tunamwekea nani?"