Fundi wa Askari Wasio na Vichwa

Ni saa tatu asubuhi, na Gesine Wollank anavuta droo iliyojaa askari wasio na vichwa. Anawapanga mezani mmoja mmoja: koti la buluu iliyokoza, kola nyekundu yenye utepe wa walinzi wa Kaisari, mkono mmoja kiunoni. Juu ya kola hakuna kitu, karatasi tupu tu.

"Usiogope, hawaumi," ananiambia akicheka. "Nimewazoea. Ila giza likiingia siwapi mgongo."

Gesine, mwenye miaka sitini na moja, husafisha picha za zamani katika karakana iliyo uani, nyuma ya duka la mikate hapa Potsdam, Ujerumani. Mwezi mzuri humwachia yuro elfu moja na mia nne, na nusu yake huliwa na kodi.

"Viazi na mtindi sikosi," anasema. "Nyama inasubiri Jumapili."

Enzi za Kaisari, wapiga picha walikaa karibu na kambi wakiwa na picha za miili zilizokwisha kuchapwa karatasini. Askari alipigwa picha ya uso tu. Uso ulikatwa, ukabandikwa kwa gundi ya unga juu ya mwili wa kikosi chake. Kwa hiyo Gesine huanza kusoma begani: nyeupe ni Kikosi cha Kwanza cha Walinzi, nyekundu cha Pili, njano cha Tatu, buluu ya mbingu cha Nne. Kifungo cha begani humtajia kombania.

Wiki iliyopita alikuja Bi. Ottilie Pätsch, ajuza wa miaka themanini na minne, na picha aliyoifunga kwa foronya. Ilikuwa ya Konrad, kaka mkubwa wa baba yake, aliyeuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla Ottilie hajazaliwa. Tangu utotoni ameiamkia kila asubuhi. Sasa anahamia nyumba ya wazee, na chumba alichopewa kina nafasi ya picha moja tu.

"Mwanangu, hapa begani wamekosea," alimwambia Gesine. "Baba mkubwa alikuwa Kikosi cha Nne, nyumbani wote tunajua. Mbona wamempaka njano? Nirekebishie, nisiingie kule na mtu aliyevaa nguo za watu."

"Wapaka rangi wa siku zile walikuwa vibarua, mama. Wengine walikuwa wamelewa chakari. Nitakupakia buluu yako."

Ottilie alipoondoka, Gesine alichovya brashi, akagusa bega mara moja. Maji yakatambaa hadi shingoni, na ukingo wa uso ukainuka. Nyuma ya sikio la Konrad palikuwa na sikio jingine.

"Niliitupa brashi nikatoka nje," anasema Gesine, naye hacheki tena. "Nikampigia simu Bi. Ottilie. Nikamwambia, mama, njoo, mimi humu ndani sibaki peke yangu."

Ottilie alikuja na teksi, viatu vya ndani vikiwa bado miguuni. Wakaulainisha uso kwa mvuke wa birika, taratibu, mpaka Konrad akabanduka mzima. Chini yake kijana mwingine alikuwa akiwatazama. Nyusi ni zilezile, masikio yamechomoza zaidi.

"Emil," alisema Ottilie, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Emil alikuwa mdogo wake Konrad, wa Kikosi cha Tatu; habari zake Ottilie aliwahi kunong'onezewa na baba yake. Alitoroka vitani, akakamatwa, akafia gerezani. Baba yao alipiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani, na picha zake akazitia jikoni zikaungua. Mama yao, bibi yake Ottilie, aliokoa hii moja kwa kumfunika Emil kwa uso wa kaka yake.

"Ndiyo maana bibi alikuwa anaiamkia mara mbili," alisema Ottilie. "Tulimcheka! Tulidhani amesahau kwamba ameshasalimia."

Bega lile la njano ndicho kitu pekee cha Emil kilichokuwa kimebaki kikionekana, na brashi ya Gesine ilikuwa imekwisha kuligusa.

Alijitolea kumtafutia Konrad mwili wa Kikosi cha Nne, kila mmoja awe na fremu yake. Ottilie alikataa katakata.

"Usiwatenganishe. Mama yao aliwalaza hivyo. Lakini Konrad ametazama nje miaka mia, anatosha. Sasa ni zamu ya Emil."

Kwa hiyo leo Gesine anafuta tone la buluu begani na kumlaza Konrad chini ya Emil, kwa gundi dhaifu, ili siku moja mtu aweze kuwabadilisha tena. Anataka kumaliza kabla ya Ijumaa, siku ya kuhama. Tumaini lake ni kwamba wauguzi watauliza picha ni ya nani, na Ottilie atawajibu bila kunong'ona.

"Anafanya mazoezi, maskini," anasema. "Jana alinipigia simu kuniambia amelitamka jina la Emil kwa sauti, peke yake nyumbani. Babu yake, yule aliyelipiga marufuku, alikufa yeye akiwa mtoto, lakini ameniambia alikwenda kwanza kutazama mlangoni."