Muuza Tiketi Aliyelirudisha Chimbuko la Kishindo Jazz

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Tiketi anausukuma mlango kwa bega. Haufunguki. Anarudi nyuma hatua mbili, anavuta pumzi, anausukuma tena, safari hii na nyonga pia. Mlango unalia, kisha unakubali.

"Huu haufunguki kwa ufunguo peke yake," anawaambia wageni kumi na mmoja waliosimama nyuma yake. "Unataka mtu anayeujua."

Ndani kuna harufu ya saruji na mbao kavu. Anawapandisha wote jukwaani, kisha anamwomba bwana mmoja mnene apige mguu chini. Sauti inatoka kavu, ya kawaida.

"Sogea kulia, baba. Tena kidogo. Hapo. Haya, piga."

Safari hii ubao unaitika kama pipa tupu. Wageni wanashtuka, halafu wanacheka.

"Hapo ndipo alipokuwa akisimama mwimbaji," anasema. "Ule mdundo mnaousikia kwenye santuri mkadhani ni dramu, si dramu. Ni kiatu chake na ubao huu."

Kicheko kinakatika. Mgeni mmoja, mama wa makamo, anainama na kuugusa ubao kwa kiganja.

Nyimbo za Kishindo Jazz zinajulikana na wengi. Wanaojua bendi ilipozaliwa ni wachache, na kwa muda mrefu waliokuja kupatafuta walipelekwa mahali pengine. Kama leo wanafika kwenye ukumbi huu wa dansi, ni kazi ya mwanamke huyu wa miaka sitini na nne ambaye hajawahi kupiga ala yoyote. Yeye alikuwa akiuza tiketi.

Alianza akiwa na miaka ishirini na moja. Kibanda chake bado kipo pembeni ya mlango: upana wa kiti kimoja, na tundu la kupitishia mkono.

"Nyuso nilikuwa sizioni," anasema. "Miaka kumi na tisa nimewajua watu kwa mikono. Huyu fundi rangi, huyu mwalimu ana chaki, huyu pete ameivua ameitia mfukoni. Nilijua mengi, mwanangu. Sikusema hata moja."

Kila siku ya dansi alihifadhi kipande cha tiketi ya kwanza, kikiwa na mhuri wa tarehe, akakitunga kwenye spoki ya baiskeli. Mwaka mmoja, spoki moja. Mumewe, fundi baiskeli ambaye sasa amestaafu, anatikisa kichwa akikumbuka.

"Alikuwa anasema anaazima," anasema. "Ndiyo maana baiskeli za mtaa huu zilikuwa zinayumba."

Bendi iliposambaratika, ukumbi ulifungwa, ukauzwa, ukageuzwa ghala la saruji. Mama Tiketi akawa dobi wa nyumba hadi nyumba kwa miaka kumi na minne. Watoto wake watatu walisomeshwa na pasi ya mkaa.

Siku moja, akiwa na furushi la mashuka kichwani, alikuta wageni mbele ya hoteli kubwa ya barabara kuu. Mtembezaji wao, bwana mdogo aliyefunga tai, alikuwa akiwaeleza kwamba Kishindo Jazz ilizaliwa ndani ya hoteli hiyo.

"Hoteli yenyewe nimeiona ikichimbiwa msingi! Wakati huo bendi ina miaka saba. Nikamwambia, 'Mwanangu, hapo palikuwa na bekari.' Akanitazama, akalitazama furushi. Akasema, 'Mama, nguo za watu zitachelewa.' Wageni wakacheka."

"Kile kicheko kilinifuata mpaka nyumbani," anasema.

Kesho yake alizibeba spoki zote kumi na tisa hadi ofisi ya utamaduni ya manispaa. Afisa alizipokea kwa adabu, akazigeuzageuza, akamwambia mihuri peke yake haitoshi. Alete mtu aliyekuwa ndani ya bendi. Waliobaki hai hakuna aliyejua walipo. Na juu ya msiba huo, kilio kingine: mwenye ghala alikuwa ameshabandika tangazo kwamba ukumbi utabomolewa mwisho wa mwezi uliofuata, yajengwe maduka.

"Mume wangu akaniuliza, 'Sasa utafanyaje?' Nikamwambia nitafanya ninachokijua. Nitakaa mlangoni."

Kila alasiri, baada ya kufua, alisimama nje ya lango lililofungwa akawasimulia wapita njia habari za bendi. Siku ya kwanza alipata wasikilizaji wawili, mmoja wao akisubiri teksi. Wiki ya tatu walifika arobaini. Watu walileta picha za zamani, wengine wakaleta mama zao.

Wiki ya tano, zikiwa zimebaki siku tisa, mzee mmoja aliyeshusha kofia hadi kwenye nyusi alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono kushukuru.

"Usoni sikumtazama. Niliutazama mkono, mazoea yana taabu. Kidole cha shahada kimepinda kama ndoana. Nikamwambia, 'Wewe! Wewe hukuwa unalipa. Wewe ulikuwa unapitisha mkono kuniomba maji!' Akavua kofia, akaanza kulia. Na mimi nikaanza. Mume wangu akasema jamani, mtatufukuzia watu."

Alikuwa mpiga dramu wa Kishindo Jazz. Siku hizi anaishi kwa binti yake, mwendo wa saa nne kwa basi. Nilimpigia simu.

"Niliambiwa kuna mwanamke anatusimulia barabarani," alisema. "Nikaenda nikiwa nimejiandaa kumkosoa. Ndugu yangu, alikumbuka mpaka siku niliyovunja vijiti nikamalizia wimbo kwa vijiko vya jikoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau."

Asubuhi iliyofuata wawili hao walikaa mbele ya afisa utamaduni kwa saa tatu. Mama akisoma tarehe, mzee akitaja nyimbo zilizopigwa siku hiyo na nani alichelewa. Walipofika spoki ya sita, afisa aliweka kalamu chini, akawa anasikiliza tu.

Siku mbili kabla ya tarehe ya kubomolewa, ukumbi ulisajiliwa kuwa mahali pa kumbukumbu. Mwenye ghala alipewa kiwanja kingine. Alikuja mwenyewe kutoa mifuko ya mwisho, anasema Mama Tiketi, akauliza kwa aibu kama anaweza kupanda jukwaani mara moja tu.

Mwaka jana walifika wageni elfu moja na mia nne. Mama Tiketi anawatembeza kwa miguu: darasa alilojifunzia mpiga tarumbeta, nyumba ya mwimbaji yenye mlango wa buluu, halafu hapa. Ni mwajiriwa wa manispaa, na huo ni mshahara wake wa kwanza wa mwezi tangu ukumbi ulipofungwa.

"Ni mdogo," anasema, akinyoosha mgongo, "lakini una jina langu. Pasi nimempa mkwe wangu."

Yule mtembezaji wa hotelini naye huleta makundi yake kila wiki, husimama nyuma na kusikiliza. "Nilimwomba radhi," anasema. "Akaniambia samahani haijazi ukumbi, nilete watu."

Wageni wakishatoka, Mama Tiketi ananionyesha ukuta wa nyuma ya jukwaa. Majina kumi na moja ya wanaume wa bendi yameandikwa kwa rangi nyeusi. Chini yake kuna sehemu iliyopakwa chokaa mpya, tupu.

"Walikuwepo dada wanne wa kuitikia," anasema. "Kwenye santuri utasoma 'pamoja na waitikiaji.' Basi, imetoka hiyo."

Wawili ameshawapata, mmoja anauza vitambaa, mwingine analea wajukuu. Wa tatu alifariki, lakini mwanawe ameahidi kuleta picha. Wa nne anaishi mji wa mbali, na Jumamosi hii Mama Tiketi anapanda basi kumfuata.

"Amenigombeza kwenye simu," anasema akicheka. "Eti amezeeka, sauti haitoki. Nikamwambia, dada, sikufuati uje uimbe. Nakuja unitajie jina lako lote, la kwanza mpaka la babu, nisije nikakosea herufi ukutani."