Barua ya Wakristo wa Kwanza

Pale sokoni Kambu, mama muuza machungwa alifungua kikopo cha ugoro, na harufu ile ikanikumbusha susu, nyanya yangu, aliyetaka kubatizwa kabla hajafa.

Mzee wa kanisa alikuwa amemwambia aache ugoro kwanza. Susu hakujua kusoma. Alinikalisha juu ya gunia la mbaazi, akanipa kitabu alichoachiwa na wahubiri, nimsomee habari za Wakristo wa kwanza. Nikafika pale watu wa mataifa mengine, wasio Wayahudi, wanapotaka kujiunga nao. Wale wa kwanza, kule Yerusalemu, wakakaa kikao, wakawaandikia barua ya mambo machache ya kuacha: vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

"Ugoro umeandikwa?"

"Haujaandikwa, susu."

"Damu sili. Na uasherati, kwa magoti haya?"

Jumapili tulienda, nikamsomea mzee wa kanisa barua hiyo mlangoni. Alisikiliza yote.

"Basi, mama, hao wa Yerusalemu wakubatize."

Watu walicheka. Susu naye alicheka kidogo.

Nyumbani aliniomba nisome tena, labda kuna mahali niliruka. Kweli nilikuwa nimeruka mstari mmoja wenye maneno marefu, ambao sasa najua unasema wasitwikwe mzigo wowote zaidi ya mambo hayo. Nikamwambia nimesoma yote, nikaenda kucheza.

Tulimzika wenyewe, bila kanisa.